Mbachao, msala na siku 28

Mpwa wangu alikuja Jumapili moja jioni, mwishoni mwa Septemba. Akaniamkia, akavuta kigoda cha barazani akakaa, kiti akakiacha kitupu. Nikajua kuna jambo. Akafungua simu, akanionyesha barua ya ajira aliyotumiwa kwa baruapepe: nafasi ya mhasibu, mshahara shilingi 1,200,000 kwa mwezi, ofisi ipo Bunju. Pale alipokuwa akifanya kazi, Vingunguti, alikuwa karani wa hesabu anayelipwa 900,000.

"Mjomba, barua ya kuacha kazi nimeshaiandika. Kesho asubuhi naipeleka."

"Hesabu umepiga?"

"Hesabu gani tena, mjomba? Si laki tatu zaidi hiyo."

Nilicheka, maana binti huyu amesomea uhasibu. Nikamwita mwanangu alete daftari lake, tukachana karatasi ya katikati.

Tulianza na mshahara wa Vingunguti. Katika 900,000 hiyo, mchango wake wa NSSF ni asilimia 10, yaani 90,000. Inabaki 810,000, na hiyo ndiyo inayokatwa kodi. Kwa viwango vya PAYE vilivyoanza kutumika Julai 2021, shilingi 270,000 za kwanza haziguswi, 250,000 zinazofuata zinakatwa asilimia 8, kisha 240,000 asilimia 20, kisha 240,000 nyingine asilimia 25, na kila shilingi inayovuka milioni moja inakatwa asilimia 30. Kodi yake ikawa 80,500. Halafu Bodi ya Mikopo, ambayo inachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi, na mshahara wake wote ni wa msingi kwa kuwa posho hana: 135,000. Anafika nyumbani na 594,500.

Tukaja kwa Bunju. NSSF 120,000. Kodi ya 1,080,000 iliyobaki ni 152,000. Bodi ya Mikopo 180,000. Mkononi 748,000. Tofauti ya mishahara miwili, baada ya kila mwenye haki yake kuchukua chake, ni 153,500. Karibu nusu ya ile laki tatu ilikuwa imekwisha kabla hajatoka getini.

Hapo tulikuwa hatujafika kwenye nauli. Anakaa Gongo la Mboto. Vingunguti anapanda gari moja, Bunju atapanda matatu, na kwa kwenda na kurudi ongezeko ni kama 3,000 kwa siku. Kwa siku 22 za kazi ni 66,000. Vingunguti wanapikiwa chakula cha mchana, Bunju kila mtu anajitafutia kwa mama lishe, sahani 3,000: hiyo ni 66,000 nyingine. Tukapiga mstari chini ya karatasi. Laki tatu ya kwenye barua imebaki shilingi 21,500.

Alinyamaza. Akachukua kalamu, akarudia hesabu zote yeye mwenyewe, taratibu, kama mkaguzi anayetafuta kosa la mjomba. Hakuliona.

Sikumwambia asiende. Nataka hilo lieleweke mapema, kwa sababu sisi wakubwa tuna tabia ya kuwarushia vijana methali moja kila wanapotaja kuhama kazi: usiache mbachao kwa msala upitao. Tukishaisema tunajiona tumemaliza kazi ya ushauri. Nimeisikia ikitumiwa kumzuia mwalimu asiende kusomea ukutubi, na kumzuia kijana wa gereji asifungue ya kwake. Lakini methali haikukataza mtu kubadili mkeka. Mbachao unachakaa, na mkeka uliochakaa unachoma magoti. Kinachokatazwa kiko kwenye neno la mwisho: upitao. Kazi ya mwenye kutaka kuhama ni kujua kama huo msala alioletewa unapita, au umekuja kutandikwa.

Hilo halijulikani kwa kusoma barua ya ajira. Mjini hapa hakuna mwenye akili zake anayelipa kodi ya nyumba ya miezi sita kwa maneno ya dalali. Utaenda mchana, utarudi usiku, utauliza maji ya bomba yanatoka siku gani, utauliza kama masika maji ya mvua yanaingia ndani. Ukiwa mjanja zaidi utamtafuta mpangaji aliyehama umuulize kilichomhamisha. Watu haohao wanaochunguza nyumba hivyo wanaingia kwenye ajira wakiwa wameona geti tu na bango la kampuni. Hawaulizi kama nafasi ni mpya au kuna mtu aliyeondoka, na kama aliondoka, aliondokea nini. Hawaulizi mshahara unaingia tarehe ngapi, wala kama michango ya NSSF inafika kwenye mfuko au inaishia kwenye karatasi ya mshahara. Wanaogopa kuonekana wajeuri.

Nilimwomba jambo moja tu: barua ikae wiki mbili kwenye mkoba. Ndani ya wiki hizo alimpata dada mmoja aliyewahi kukalia kiti kilekile cha Bunju, kupitia rafiki waliyesoma naye chuo. Wakakutana Mwenge, wakanywa soda. Taarifa aliyorudi nayo ilikuwa na thamani kuliko usaili wote: bosi ni mkali wa tarehe lakini anafundisha, mshahara unaingia tarehe 25 na haujawahi kuchelewa ila Desemba moja, na yeye dada aliondoka kwenda kusoma. Aliyemtangulia alipandishwa cheo palepale. Sasa hapo una kitu cha kukifikiria.

Nikamuuliza swali ambalo nadhani ndilo lenye uzito kuliko mengine yote: ukikaa huko miaka miwili, utakuwa umejua kufanya nini ambacho leo hukijui?

Vingunguti, kwa miaka mitatu, kazi yake imekuwa kupokea ankara za wauzaji, kuzilinganisha na hati za kupokelea mzigo, kuziingiza kwenye kompyuta na kuzipanga kwenye majalada. Anaifanya vizuri mno, na ndiyo sababu hawamtoi hapo. Ni jambo la ajabu lakini nimeliona katika ofisi nyingi: mtu anayeweka jalada vizuri huachiwa majalada. Bunju atawajibika kuandaa ritani ya VAT ya kila mwezi, inayotakiwa ifike TRA tarehe 20, atalinganisha vitabu vya kampuni na taarifa za benki, na mwisho wa mwaka atakaa meza moja na wakaguzi wa nje kujibu maswali juu ya mizania aliyoiandaa mwenyewe. Tena yuko katikati ya mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu, inayofanyika Mei na Novemba, na masomo yanayompiga chenga ni yaleyale ambayo hajawahi kuyagusa kwa mikono. Kwa mizani hiyo, 21,500 haikuwa tena hoja ya kwenda wala ya kubaki. Msala ulikuwa wa kutandikwa.

Fomu za ofisini hupenda kuuliza unajiona wapi baada ya miaka mitano. Sijawahi kukutana na mtu aliyelijibu swali hilo kwa ukweli. Wote tunaandika "ngazi ya uongozi" tukitazama saa. Mpango unaoweza kushikika ni mfupi kuliko huo: ni ujuzi gani unaofuata, nani anao karibu nawe, na mtihani au cheti gani kinauthibitisha. Wasifu wa kazi nao unatokana na hayo. Ukikosa la kuandika kwenye ukurasa wa kwanza, mapambo hayatakusaidia, na kuandika kwamba unapenda kusoma na kutazama mpira hakujawahi kumpa mtu kazi.

Tena si kila kukua kunataka kuacha kazi. Shaaban Robert aliingia serikalini mwaka 1926 kama karani wa forodha na akabaki katika idara hiyo hadi 1944. Akapelekwa idara ya mifugo, Mpwapwa, kisha akarudi Tanga, ofisi ya wilaya, na mwisho ofisi ya upimaji ardhi. Miaka zaidi ya thelathini, mwajiri mmoja, meza nne. Jina tunalolijua sisi alilijenga kwa kalamu nyingine, na mshahara wa karani ndio uliokuwa ukinunua chakula. Ninawajua vijana wengi wenye kipaji ambao wangefika mbali kama wangevumilia meza ya karani miaka mitano mingine huku wakifanya lao usiku. Walitoka mapema mno, na njaa ikawarudisha kwenye kazi mbaya kuliko waliyoiacha.

Kuna wengine wanalazimika kuchagua. Mwalimu Nyerere aliwekwa njia panda pale Pugu mwaka 1955, ualimu au siasa, akaandika barua ya kuacha kazi. Tunaisimulia habari hiyo kama ya ushujaa, na ni kweli. Tunachokiruka ni miezi iliyofuata. Alirudi kwao Musoma, na katika kipindi hicho alipata malipo kwa kuwafundisha wamisionari wa Maryknoll lugha ya Kizanaki. Mtu aliyekuja kuongoza nchi alihitaji kibarua cha kumvusha, na hakuona aibu kukifanya.

Sasa tuseme juu ya mnyororo ambao barua za ajira haziutaji: mkopo. Wafanyakazi wengi hapa nchini hawabakii kazini kwa mapenzi wala kwa woga. Wanabakia kwa sababu mshahara umewekwa rehani. Mkopo wa benki unakatwa moja kwa moja kwenye mshahara, na siku mshahara unapohamia kwa mwajiri mwingine, makato yanakatika lakini deni halikatiki. Benki inataka ijulishwe, na mara nyingi itataka barua ya mwajiri mpya kabla haijatulia. Wanaoamua kukaa kimya wakidhani deni litasahauliwa ndio unaowakuta mwaka unaofuata kwenye mikopo ya kausha damu, wakikopa huku kulipa kule.

Saccos ya kazini ni mtihani mwingine, na huu unagusa urafiki. Ulipochukua mkopo walikudhamini wenzako wawili watatu wa idara yako. Ukiondoka bila kumaliza, akiba na hisa zako zitafidia kadiri zinavyoweza, na kinachobaki kinawarudia wao. Namjua mzee mmoja wa stoo aliyekatwa mshahara miezi tisa kwa deni la kijana aliyehamia Arusha na kubadili namba ya simu. Mpwa wangu alikuwa na deni la Saccos la 640,000. Tukakubaliana liishe kwanza, au lipunguzwe mpaka akiba yake ilimeze, kabla hajatamka neno kwa bosi.

Ndipo tukafika kwenye siku 28.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema anayelipwa kwa mwezi, akishavuka mwezi wa kwanza kazini, atoe au apewe taarifa isiyopungua siku 28, kwa maandishi, ikitaja sababu na tarehe. Majirani zetu wa Kenya nao, katika Sheria ya Ajira ya 2007, wametaja siku hizohizo 28. Mkataba wako unaweza kutaka muda mrefu zaidi, kwa hiyo usome kabla hujamwahidi mwajiri mpya tarehe. Ukitoa taarifa kisha ukakataa kufanya kazi siku hizo, mwajiri anaruhusiwa kukata malipo yake kwenye fedha unazodai. Na uko mchezo unaochezwa sana: mtu anachukua likizo, yuko kwao Moshi, anatuma barua ya kuacha kazi ili siku za taarifa ziishie likizoni. Sheria imeshauona. Taarifa haitolewi wakati wa likizo, na siku za taarifa haziendi sambamba na za likizo.

Yapo pia mambo ambayo mtu anapaswa kuyajua akiwa bado ana hasira na kalamu mkononi. Kile kiinua mgongo cha kisheria, mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, kisichozidi miaka 10, ni cha aliyeachishwa na mwajiri baada ya kutimiza miezi 12. Aliyeondoka mwenyewe asikitegemee. Vivyo hivyo fao la upotevu wa ajira la mifuko ya hifadhi: halimhusu aliyeacha kazi kwa hiari yake. Chako ambacho hakina mjadala ni mshahara wa siku ulizofanya kazi, malipo ya likizo ambayo hukuichukua, na cheti cha utumishi, kile cha kuonyesha kwamba ulikuwa pale. Cheti hicho watu wanakisahau, wanakikumbuka baada ya miaka sita kampuni ikiwa imefungwa.

NSSF nayo iangaliwe kabla ya kuaga. Tazama taarifa ya michango mwezi kwa mwezi, utafute mashimo. Kumdai mwajiri miezi minne aliyokukata na asiipeleke ni rahisi ukiwa bado una kitambulisho chake shingoni. Pensheni inataka michango ya miezi 180, na kila mwezi uliorukwa utautafuta uzeeni.

Na kuna jambo moja linalonifanya niwaombe watu wasiondoke na deni. Siku unapoingia kwa mwajiri mpya, ulinzi wako unaanza upya. Sehemu ya sheria inayomkinga mfanyakazi dhidi ya kuachishwa isivyo haki haimhusu mwenye chini ya miezi 6 kwa mwajiri huyo. Ulikuwa na miaka mitatu Vingunguti, Bunju wewe ni mgeni. Miezi hiyo sita mtu anahitaji akiba ya walau mishahara miwili mahali asipoweza kuigusa kirahisi. Sijui njia nyingine.

Bosi anaweza kukuongeza mshahara siku unapompa barua. Mimi yalinikuta, zamani, katika chumba cha habari ambacho sitakitaja. Nilipeleka barua asubuhi, jioni nikaitwa, nikaahidiwa nyongeza ambayo kwa miaka miwili nilikuwa nikiambiwa haipo kwenye bajeti. Nikaichukua, nikawapigia simu wale walionipa kazi nikawaomba radhi. Baada ya miezi saba wakapunguza watu. Jina langu lilikuwa la pili kwenye orodha, na aliyenipa nyongeza ndiye aliyenisomea. Sikumlaumu sana. Tangu siku niliyopeleka barua, kwake mimi nilikuwa nimeshaondoka. Walionikaribisha kwingine nao walikuwa wameshampata mtu. Ushauri wangu kwa mwenye kuongezwa dakika ya mwisho ni mkali na sitaulainisha: shukuru, ondoka.

Kuaga nako kuna adabu yake. Barua iwe fupi: naacha kazi, tarehe yangu ya mwisho ni hii, sababu ni kupata nafasi nyingine, asanteni. Yale ya bosi kupendelea watu wa kwao, ya kiyoyozi kibovu, ya kunyimwa posho ya safari ya Mtwara, yasiingie humo. Soko la ajira letu ni dogo, na wale unaowaandika kwenye wasifu kama wadhamini ndio haohao watakaopigiwa simu. Siku 28 zinatosha kabisa kumfundisha anayeshika nafasi yako jalada lipi liko wapi, na kuandika ukurasa mmoja wa mambo ambayo hayajakamilika. Watu watasahau ulivyofanya kazi miaka mitatu. Wiki yako ya mwisho wataikumbuka.

Mpwa wangu aliwaandikia Bunju akiwa na maombi mawili: mshahara uwe 1,300,000 na aanze Desemba, baada ya mitihani. Mshahara walikataa. Tarehe walilalamika kidogo, wakakubali, tena wakamwambia kuna basi la wafanyakazi linaloanzia Mwenge, jambo ambalo kwenye barua ya ajira halikuandikwa na asingelijua kama asingeuliza. Oktoba alichukua wiki mbili za likizo yake akajifungia na vitabu. Deni la Saccos lilishuka hadi chini ya akiba yake. NSSF aligundua miezi miwili haijaingia, akaipeleka kwa ofisa utumishi akiwa bado mfanyakazi, ikalipwa.

Barua aliipeleka tarehe 9 Novemba saa mbili na nusu asubuhi, nakala mbili. Siku yake ya mwisho Vingunguti ni tarehe 7 Desemba. Nakala moja imebaki ofisini. Ya pili imegongwa muhuri wa kupokelewa na iko kwangu, ndani ya bahasha ya kaki, pamoja na ile karatasi ya daftari.